Tuandikiwe habari za ufa kabla barafu haijameguka

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie picha uliyoichapisha hivi karibuni katika ukurasa wa mazingira, inayoonyesha siwa kubwa la barafu lililojitenga na pwani ya Antaktika. Maelezo yaliyowekwa chini yake yalisema kwamba barafu ya ncha ya kusini imeyeyuka na kuporomoka, na kwamba maji ya bahari yatapanda kwa sababu hiyo. Picha yenyewe ni ya kweli: ni siwa lililopewa jina la A-68, lililotoka katika bamba la barafu la Larsen C mwaka 2017. Kilichonifanya nishike kalamu ni maelezo hayo, kwa kuwa sentensi moja imechanganya mambo matatu ambayo lugha yetu imeyapa maneno matatu tofauti, yaani kuyeyuka, kumeguka na kusambaratika, na kila moja kati ya hayo lina chanzo chake, mwendo wake na matokeo yake.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Antaktika sijafika na sitarajii kufika, lakini kwa miaka mingi nililipwa mshahara kupima nyufa za kuta, za madaraja na za miteremko, na tangu nistaafu nimekuwa nikifuatilia nyufa za barafu kupitia picha za setilaiti ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzifungua bila malipo. Najua wasomaji wengi wameshaitaja moyoni ile methali ya ufa na ukuta. Naomba waiweke kando kwa muda, kwa sababu ufa ninaouzungumzia hauna fundi wa kuuziba. Kazi pekee iliyopo ni kuupima, na kazi hiyo ndiyo ambayo magazeti hayaiandiki.

Kwanza nieleze bamba la barafu ni nini. Theluji inayoanguka katikati ya bara la Antaktika hujibana kwa uzito wake hadi ikawa barafu ngumu, na barafu hiyo, ingawa kwa macho ni kama jiwe, huteremka polepole kuelekea pwani kwa mfano wa mto mzito. Inapofika baharini haikatiki pale pale. Huendelea kusogea mbele ikielea juu ya maji huku nyuma ikiwa bado imeshikamana na nchi kavu, na sehemu hiyo inayoelea ndiyo ninayoiita bamba. Mabamba hayo huwa na unene wa mita mamia kadhaa, na lililo kubwa kuliko yote, la Ross, linakaribia ukubwa wa nchi ya Ufaransa. Kwa kuwa theluji haiachi kuanguka nyuma wala barafu haiachi kusukumwa mbele, ni lazima ukingo wa mbele umeguke kila baada ya muda, pengine baada ya miongo kadhaa, kisha bamba likue tena. Kumeguka kwa namna hiyo kulikuwapo kabla ya viwanda na magari, na peke yake si ishara ya ugonjwa.

Maji ya bahari nayo hayapandi kwa sababu siwa limemeguka. Kitu kinachoelea kimeshasukuma maji ya uzito wake tangu siku kilipoanza kuelea. Kipande cha barafu kinachoelea ndani ya gilasi iliyojaa hadi ukingoni kinaweza kuyeyuka chote bila maji kumwagika. Hatari ya bahari kupanda ipo, tena kubwa, lakini inapitia njia nyingine nitakayoieleza baadaye, na njia hiyo inaanzia kwenye ufa.

Katika kazi yetu ya zamani, mwenye nyumba alipokuja na malalamiko kwamba ukuta wake umepasuka, hatukumjibu siku hiyo. Tulichukua kipande chembamba cha kioo, tukakigandisha kwa plasta juu ya ufa, ncha moja upande huu na nyingine upande ule, tukaandika tarehe kwa penseli na kuondoka. Tuliporudi baada ya wiki kadhaa na kukuta kioo kizima, tulijua kuwa ufa ni wa zamani na umelala. Tulipokuta kimekatika, tulijua ukuta unatembea, na hapo ndipo tulipopigilia misumari miwili, mmoja kila upande, na kuanza kupima umbali kati yake kwa sehemu za milimita. Ufa uliopimwa mara moja tu hausemi lolote kuhusu kesho yake. Ni kipimo cha pili, na cha tatu, na tarehe zilizoandikwa kando yake, ndivyo vinavyomwambia mpimaji kama anatazama kovu au kidonda.

Setilaiti zinafanya kazi hiyo hiyo kutoka angani, na iliyo hodari zaidi kati yake haitumii mwanga wa jua hata kidogo. Picha za kawaida, kama zile ambazo setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga tangu mwaka 1972, zina thamani kubwa kwa kumbukumbu, lakini zina kasoro mbili katika eneo hilo la dunia: mawingu hukaa siku nyingi mfululizo, na wakati wa majira ya baridi jua halionekani kabisa kwa wiki au miezi. Rada haijali lolote kati ya hayo. Chombo hutuma mawimbi ya redio kuelekea chini, mawimbi hayo hupenya mawingu na giza, hugonga barafu na kurudi, na kutokana na nguvu ya mwangwi na muda uliotumika hutengenezwa picha. Chombo cha Ulaya kiitwacho Sentinel-1A kilirushwa Aprili 2014, mwenzake Sentinel-1B akafuata Aprili 2016, na kwa mzunguko wa takriban kilomita 690 juu ya dunia kila kimoja hurudi juu ya njia ile ile kila baada ya siku 12. Vilipokuwa viwili, eneo moja liliweza kupimwa kila baada ya siku 6.

Anayeifungua picha ya rada kwa mara ya kwanza huvunjika moyo. Haina rangi. Ni kijivu chenye chengachenga nyingi, mithili ya chumvi na pilipili manga zilizomwagwa juu ya karatasi, na jicho huchukua muda kuzoea kwamba sehemu nyeupe si lazima iwe theluji na nyeusi si lazima iwe maji, kwani weupe unaonyesha tu mahali ambapo mwangwi umerudi kwa nguvu. Baada ya kuizoea, ufa huonekana kama mstari mwembamba, kuta zake zikimetameta upande mmoja. Mimi huchukua picha mbili za mahali pamoja zilizopishana siku 12, huziweka moja juu ya nyingine sawasawa, kisha huzibadilisha haraka haraka kwenye kioo cha kompyuta. Barafu yote hutulia mahali pake isipokuwa ncha ya ufa, ambayo huruka. Usiku wa kwanza nilipoiona ikiruka nilirudia zaidi ya mara ishirini, nikidhani nimekosea kuzipanga picha.

Wataalamu wana njia kali zaidi. Mwangwi wa rada una kituo chake katika wimbi, yaani mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, na wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa takriban sentimita 5.6. Kwa kulinganisha vituo vya mawimbi katika picha mbili, wanaweza kutambua kusogea kwa ardhi au barafu kwa kiasi cha sentimita chache. Matokeo huchorwa kama mistari ya rangi inayozungukana, mfano wa mistari ya kimo katika ramani zetu, na kila mzunguko mmoja wa rangi huwakilisha kusogea kwa sentimita 2.8 kuelekea chombo au kukiacha. Penye barafu nzima mistari hupita laini bila kukatizwa. Penye ufa hukatika ghafla, upande mmoja ukiwa umepishana na mwingine. Uzuri wa njia hii ni kwamba huonyesha mahali ufa ulipofika hata pale ambapo ni mwembamba mno kuonekana katika picha ya kawaida. Ugumu wake ni kwamba bamba linaelea, kwa hiyo hupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, na asiyeondoa mwendo huo kwanza anaweza kuipima bahari akidhani anaipima barafu.

Sasa tuitazame Larsen C. Bamba hilo liko upande wa mashariki wa Rasi ya Antaktika. Ufa wake ulikuwa ukijulikana kwa miaka, lakini kwa muda mrefu ulikuwa umezuiliwa na kitu ambacho kwangu mimi ndicho cha kuvutia kuliko vyote katika habari hii. Bamba haliundwi na barafu ya aina moja. Ni mito kadhaa ya barafu iliyoshuka kutoka milimani na kuungana ubavu kwa ubavu, na katika maungio hayo, ambayo naomba niyaite mishono, kuna barafu laini zaidi iliyochanganyika na maji ya bahari yaliyoganda kutoka chini. Ufa unapopita katika barafu ngumu hukimbia. Ukifika kwenye mshono hunasa, na unaweza kukaa hapo mwaka mzima au zaidi, hadi mvutano ukusanyike vya kutosha kuupenyeza. Mwaka 2014 ufa wa Larsen C ulivuka mshono mmojawapo. Novemba 2016 wataalamu wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, waliruka juu yake kwa ndege, wakaukuta una urefu wa takriban kilomita 112, upana unaozidi mita 90 na kina cha takriban nusu kilomita. Mwezi uliofuata ulirefuka ghafla kwa kilomita 18. Mwishoni mwa Mei 2017, katika siku sita tu, ulikata kilomita nyingine 17 na kugeuza uelekeo wake kuelekea baharini, ukibakiza kilomita 13 hivi.

Kundi la watafiti la MIDAS, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Swansea nchini Uingereza, lilikuwa likitoa taarifa baada ya karibu kila kipimo. Julai ni katikati ya majira ya baridi kule, kwa hiyo hapakuwa na picha ya jua ya kutegemea. Mwishoni mwa Juni vipimo vilionyesha kwamba kipande cha nje kimeanza kusogea kwa zaidi ya mita 10 kwa siku, kama mlango unaofunguka ukiwa bado umeshikwa na bawaba moja. Kati ya tarehe 10 na 12 Julai 2017 bawaba hiyo ilikatika, na siwa lenye eneo la takriban kilomita za mraba 5,800 na uzito wa karibu tani trilioni moja likawa huru. Siku hiyo magazeti yaliandika. Miezi yote iliyotangulia, ambapo ilikuwa ikijulikana kilomita kwa kilomita kinachoendelea, mengi yalikaa kimya, na lawama hizo nazielekeza pia kwa gazeti lako ambalo nimelisoma muda mrefu.

Mtu anaweza kuuliza: kama ufa unajulikana hivyo, kwa nini isitangazwe tarehe ya kumeguka kama wanavyotangaza tarehe ya kupatwa kwa jua? Jibu lipo katika bamba la Amery, mashariki mwa Antaktika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikuwa wakitazama hapo kipande kilichozungukwa na nyufa pande mbili, wakakipa jina la utani la jino lililolegea, na walikisia kwamba lingetoka kati ya mwaka 2010 na 2015. Miaka ikapita jino likabaki kinywani. Kisha Septemba 2019 kikatoka kipande cha jirani yake, cha zaidi ya kilomita za mraba 1,600, kilichopewa jina la D-28, huku jino lenyewe likiwa bado linaning'inia. Simtajii mtu jambo hili ili kumcheka. Nimewahi kuwaambia watu wahame nyumba ambayo ilisimama miaka mingi baada ya onyo langu, na najua kwamba kupima ni kazi moja na kutabiri ni nyingine. Watafiti wa Amery walitazama mahali sahihi, na walipokosea tarehe walisema wamekosea.

Kwa upande mwingine, ufa unaweza kwenda kasi kuliko setilaiti yoyote inavyoweza kurudi. Katika bamba la Pine Island, magharibi mwa Antaktika, ufa wa takriban kilomita 10.5 ulifunguka mwaka 2012 kwa muda wa dakika tano na nusu hivi. Jambo hilo halikugunduliwa papo hapo. Lilichapishwa mwaka 2024 baada ya watafiti kuoanisha picha za rada za kabla na baada na kumbukumbu za vipima mitetemo vilivyokuwa vimewekwa juu ya barafu. Setilaiti iliona kwamba ufa haukuwapo na kisha upo, na vipima mitetemo ndivyo vilivyosikia mlio na kuuwekea saa. Kwa hiyo nisieleweke kuwa nadai jicho la angani linatosha peke yake.

Mfano bora wa jicho la angani na msumari wa ardhini kufanya kazi pamoja ni bamba la Brunt, kwenye Bahari ya Weddell, ambako Waingereza wana kituo cha utafiti cha Halley. Ni kituo hicho ambacho vipimo vyake vilifichua tundu la tabaka la ozoni mwaka 1985, kwa hiyo si kibanda cha kuachwa kiende na maji. Karibu nacho kulikuwa na ufa uliolala kwa angalau miaka 35, na mwaka 2012 picha za setilaiti zilionyesha kwamba umeamka. Kioo kimekatika, kama tungesema sisi. Kituo hicho kilijengwa kwa vyumba vilivyosimama juu ya miguu yenye vyuma vya kuteleza, na katika misimu ya kiangazi iliyoishia mwanzoni mwa mwaka 2017 vyumba hivyo vilikokotwa kimoja kimoja kwa matrekta hadi umbali wa kilomita 23 kuelekea upande wa bara. Kabla hawajamaliza, Oktoba 2016, ufa mwingine mpya ulitokeza upande wa pili. Tangu hapo hakuna mtu anayekaa Halley wakati wa baridi. Juu ya barafu wameacha vifaa vya GPS vinavyopima kusogea kwa bamba na kutuma namba hizo Uingereza kila siku, na rada za angani zinajazia palipobaki. Januari 22, 2023, ule ufa ulioamka ulimaliza safari yake na kutoa siwa la kilomita za mraba 1,550. Hakuna aliyeumia wala chumba kilichopotea. Taasisi inayoendesha kituo hicho ilisema wazi kwamba kumeguka huko kulikuwa kwa kawaida na hakukuhusishwa na mabadiliko ya tabianchi, kauli ambayo sikuiona katika magazeti mengi yaliyobeba picha.

Linganisha na kilichowapata Warusi wa enzi za Kisovieti mwaka 1986, wakati bamba la Filchner lilipokatika kwenye ufa mkubwa uliokuwa umeonekana tangu miaka ya 1950. Kituo chao cha kiangazi cha Druzhnaya kilichukuliwa na siwa la barafu pamoja na majengo yake, kikawa kinaelea baharini. Ufa ulijulikana. Hapakuwa na mtu wa kuupima kila wiki.

Nirudi sasa kwenye ile hatari ya kweli niliyoiahidi, kwa kuwa sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kila siwa linalotoka ni jambo la kawaida. Mwaka 2002 bamba la Larsen B, jirani wa kaskazini wa Larsen C, halikumeguka ukingo. Lilisambaratika. Kiangazi kilikuwa cha joto, uso wa bamba ulijaa vidimbwi vya maji ya samawati, na maji hayo yaliingia ndani ya nyufa. Maji ni mazito kuliko barafu, hivyo ufa uliojaa maji husukumwa chini na uzito huo kama gogo linavyopasuliwa kwa kabari, na haupungukiwi na nguvu kadiri unavyozidi kushuka. Katika muda wa siku 35 hivi, kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, takriban kilomita za mraba 3,250 za barafu yenye unene wa mita 220 ziligeuka kuwa vipande, na picha za setilaiti za siku hizo zinaonyesha bamba likibadilika kuwa uji wa samawati. Wanaopima barafu wanaendelea kuzitazama picha hizo hadi leo.

Bamba ni mwega. Linaelea, lakini limeegemea visiwa na kuta za ghuba, na kwa kufanya hivyo huizuia mito ya barafu iliyo nyuma yake, ile iliyo juu ya nchi kavu. Mwega ulipoondoka Larsen B, baadhi ya mito ya nyuma iliongeza mwendo hadi mara kadhaa, mmojawapo ukifikia takriban mara nane ya mwendo wake wa awali katika kipindi kisichozidi miaka mitatu. Barafu hiyo ya nyuma haikuwa ikielea. Inapoingia baharini, ndipo maji yanapopanda. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtafiti siku siwa linapotoka si ukubwa wake kwa kulinganishwa na mji fulani. Tumuulize kama kipande kilichotoka kilikuwa kikiegemeza kitu, kama nyufa zilizobaki nyuma zimeongezeka, na kama mito iliyo nyuma imeanza kukimbia. Majibu yote matatu hutoka katika picha zile zile za rada.

Kuna jambo la kina pia, ambalo rada haiwezi kulijibu vizuri. Setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa na NASA Septemba 2018, hutuma mapigo ya leza ya kijani 10,000 kwa sekunde katika mishale sita, na mpigo ukipita juu ya ufa hushuka hadi chini yake kabla ya kurudi. Kwa njia hiyo hupatikana upana na kina cha ufa, na pia kimo cha kile kifusi cha barafu na theluji kilichoujaza. Kifusi hicho si takataka. Kikiwa kinene hufanya kazi ya gundi na kuzishika kuta mbili zisiachane, na kikikonda ufa unaweza kufunguka. Mishale hiyo hurudia njia yake kila baada ya siku 91, muda mrefu kwa ufa wenye haraka, lakini kwa ufa mvivu ni hazina.

Mabamba ya kaskazini nayo yanatazamwa vivyo hivyo, ingawa yamebaki machache. Julai 2020 bamba la Milne, katika kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada, lilipoteza zaidi ya asilimia 40 ya eneo lake katika siku chache, na ni picha za setilaiti zilizotoa taarifa.

Yote haya yanategemea kitu kimoja ambacho hakina picha nzuri ya kuchapisha: kurudi kwa chombo mahali pale pale, kwa tarehe iliyopangwa, miaka nenda miaka rudi. Desemba 23, 2021, mfumo wa umeme wa rada ya Sentinel-1B ulikufa. Wahandisi walijaribu miezi kadhaa kuufufua, na Agosti mwaka uliofuata wakatangaza kwamba wameshindwa. Badala ya kipimo kila siku 6, tulirudi kwenye siku 12, na sehemu nyingine zikapimwa kwa nadra zaidi, hadi mrithi wake, Sentinel-1C, aliporushwa Desemba 2024. Kwa karibu miaka mitatu misumari yetu ilipungua nusu, na Machi 2022, miezi mitatu tu baada ya chombo kufa, bamba la Conger mashariki mwa Antaktika, la takriban kilomita za mraba 1,200, lilisambaratika lote. Sisemi chombo kingelizuia. Nasema kwamba mpimaji anayenyang'anywa nusu ya vipimo vyake anajua nusu ya kilichotokea, na kwamba nilitafuta habari ya kufa kwa Sentinel-1B katika kurasa zako za mwaka ule nisiione hata mstari mmoja. Julai 2025 Marekani na India zimerusha kwa pamoja rada nyingine, NISAR, yenye wimbi refu zaidi, na kazi yake mojawapo ni kuipima barafu ya Antaktika. Hiyo pia ni habari, ingawa hakuna kilichovunjika.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wako wa mazingira aruhusiwe kuandika habari za ufa ukiwa bado ni ufa, hata kwa aya mbili kila baada ya miezi kadhaa, akitaja umefika wapi, umekwama kwenye mshono gani na nani anaupima. Maneno kuyeyuka, kumeguka na kusambaratika yapewe kila moja mahali pake. Na kwa kuwa gazeti lako lina utaratibu wa kusahihisha makosa, napendekeza maelezo ya picha ile yachapishwe upya hivi: Siwa la barafu A-68, lililomeguka kutoka bamba la Larsen C, Antaktika, kati ya tarehe 10 na 12 Julai 2017, baada ya ufa wake kufuatiliwa kwa rada za setilaiti, barafu hiyo ilikuwa ikielea, na kumeguka kwake hakukupandisha maji ya bahari.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu